Jinsi ya kuitambua ndege ya barua ya miaka ya 1930 kwenye picha za zamani za Kisumu, Mombasa na Dar

Kuna aina fulani ya picha inazunguka sana kwenye magrupu, ndege kubwa rangi ya fedha imekaa juu ya maji, pembeni kuna boti ndogo na wazungu wamevaa kofia za jua, alafu chini mtu kaandika tu "Kisumu zamani" au "Mombasa enzi za mkoloni", basi. Kwenye komenti mmoja atasema hiyo ndege ya vita, mwingine atasema ya Mjerumani, mwingine atakwambia hiyo picha ya Ulaya sababu huku hatukuwa na vitu kama hivyo. Tulikuwa navyo bwana. Kuanzia Juni 1937 ndege za Short Empire za kampuni ya Imperial Airways zilikuwa zinatoka Southampton, Uingereza, zinashuka na mto Nile, zinatua Port Bell pale Kampala, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, zinaendelea Msumbiji mpaka Durban, alafu zinageuza. Zote zilitua majini. Ukijua vitu vichache vya kuangalia unaitambua fasta, na mara nyingi unaweza hata kukadiria picha ni ya miaka gani.

Kabla hujaanza kuangalia picha shika jambo moja, maana ndo litakusaidia kuelewa kila kitu kingine: hii ndege ilijengwa kwa ajili ya barua. Abiria walikuwepo, tena walikaa kifahari, lakini iliyofanya hesabu ya biashara ikae sawa ni posta. Desemba 1934 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kupeleka barua zote za daraja la kwanza kwenda sehemu kubwa ya himaya yake kwa ndege bila mtu kulipia ziada, peni moja na nusu kwa kila nusu aunsi, yaani kama gramu 14. Sasa fikiria ujazo wa barua zilizokuwa zinapanda meli, zote zihamie angani. Imperial Airways hawakuwa na ndege ya kubeba mzigo wa namna hiyo, wakaenda kwa kampuni ya Short Brothers pale Rochester kwenye mto Medway, na wakaagiza ndege 28 kabla hata moja haijawahi kuruka, kwa kuangalia michoro tu! Kwa wakati ule ilikuwa kamari kubwa. Ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936 ikiendeshwa na John Lankester Parker, rubani wa majaribio wa Short, na mpango wenyewe wa barua ukaanza rasmi 29 Juni 1937 kwa njia hii hii ya Afrika.

Haya, chukua picha yako.

Anza na mabawa, hapo unachuja picha nyingi kwa mkupuo. Kama ndege ina mabawa mawili yamepandana, moja juu ya jingine, na injini tatu zimekaa katikati ya hayo mabawa, hiyo ni Short Calcutta, ya zamani zaidi. Njia ya Afrika ilipofunguliwa mwisho wa Februari 1931 ilikuwa inaishia Mwanza, na kipande cha Khartoum kushuka mpaka Kisumu na Mwanza kilikuwa cha Calcutta, kwa hiyo picha yako ya Mwanza yenye ndege ya majini ya mabawa mawili iweke kwenye fungu hilo. Kama ndege ina magurudumu hiyo si yenyewe kabisa, ingawa inaweza kuwa ndugu yake wa kazini: Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa na mama mmoja anaitwa Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ndo walikuwa wanasambaza barua za Empire kutoka Kisumu kwenda Nairobi na kwingineko kwa vindege vidogo vya De Havilland.

Empire yenyewe ina bawa moja tu refu limekaa juu kabisa ya mwili, injini nne zimepangwa mstari mmoja kwenye ukingo wa mbele wa bawa, mbili kila upande, na chini karibu na ncha za bawa kuna vielea viwili vidogo vya kuizuia isiegemee upande ikiwa majini. Kutoka ncha mpaka ncha bawa ni karibu mita 34.7, na urefu wa ndege pua mpaka mkia kama mita 26.8. Injini ni Bristol Pegasus, za duara, nguvu farasi 920 kila moja. Tafuta mtu aliyesimama juu ya bawa kwenye picha, mafundi walikuwa wanapanda sana kule, ukimpata utaona ukubwa wake bila kuhitaji rula.

Hapa sasa ndo watu wengi wanachanganya, kwa sababu kuna ndege nyingine zenye umbo karibu sawa. Angalia pua na mkia. Ukiona kibanda cha bunduki cha vioo puani au mkiani, hiyo ni Sunderland, ndege ya jeshi iliyotengenezwa na hao hao Short kwa kufuata umbo la Empire, na wakati wa vita zilikuwepo pwani yetu, skwadroni moja ya Sunderland ilihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa 1943. Kwa hiyo anayesema "ndege ya vita" si mjinga, kachanganya ndugu wawili. Ukiona injini mbili tu, na bawa limesimama juu ya mwili kwa kiguzo, na nyuma ubavuni kuna vioo vimevimba, hiyo ni Catalina, nayo ya jeshi. Na kama mkia unaanza na mteremko mrefu unaopanda taratibu kutoka mgongoni, na mwili ni mnene kuliko unavyotegemea, hiyo ni Solent ya baada ya vita. Solent zilipita Port Bell na mpaka ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1940, na BOAC, shirika la ndege la Uingereza lililorithi kazi ya Imperial Airways, likaachana kabisa na ndege za majini mwaka 1950. Picha ya Naivasha basi usihangaike nayo sana, anza kwa kudhani ni Solent.

Ukishapita hapo angalia urefu wa mwili kwenda juu, sio kwenda nyuma. Utaona tumbo la hii ndege ni refu ajabu, kutoka chini mpaka mgongoni ni karibu mita 5, kama nyumba ya ghorofa moja iliyoota mabawa. Kuna sababu. Ndege ya majini ikikimbia kuruka inarusha maji kwa fujo, na yale maji yakipiga panga za propela yanazila kabisa, kwa hiyo lazima injini zikae juu mbali. Kwenye ndege za mabawa mawili hilo lilikuwa rahisi, unafunga injini katikati au unaziinua karibu na bawa la juu. Lakini Arthur Gouge, mhandisi mkuu wa Short, alitaka bawa moja, sababu bawa la pili na nguzo zake na nyaya zake zote zinakula spidi. Wengine waliofuata bawa moja waliliinua kwa nguzo, kama ile Catalina. Gouge akaamua kuurefusha mwili wenyewe kwenda juu mpaka bawa lifike kwenye urefu unaotakiwa. Na ukishaurefusha mwili hivyo unajikuta una nafasi ya ghorofa mbili ndani. Abiria chini, barua juu. Yaani tatizo la maji kurukia propela ndo likazaa stoo ya posta, mi naona hapo ndo akili ya hii ndege ilipo.

Angalia pia ubavu wa tumbo. Ndege za majini za nyuma zilikuwa na tumbo linalopanuka chini kwa ajili ya kuteleza juu ya maji, kwa mbele unaona limetanuka pembeni. Ya Empire mbavu zake zimenyooka wima mpaka chini, tumbo ni jembamba kiasi, walilijaribu sana kwenye bwawa lao la majaribio kule Rochester kabla ya kulikubali, na faida yake ni upepo kutoishika sana ikiwa hewani. Kama picha imepigwa ndege ikiwa imevutwa nchi kavu kwenye mteremko wa matengenezo, utaona chini tumbo limekatwa kidato katikati. Hicho kidato kinasaidia tumbo kujinasua kwenye maji wakati wa kuruka. Maji yakiwa yametulia kama kioo, hasa asubuhi ziwani, ndege inanata, na dawa mojawapo ni kupitisha boti ya injini mbele yake iyachafue maji kidogo. Kwa hiyo ukiona kwenye picha boti inazunguka mbele ya ndege usidhani ni watu wa kushangaa tu. Kisumu nayo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndege nzito inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, na kwa bahati nzuri ghuba iko pale ndefu ya kutosha.

Madirisha sasa. Hapa usikimbie, panua picha uangalie vizuri. Madirisha karibu yote yako mstari wa chini, na huko juu nyuma ya vioo vya marubani mwili ni bati tupu kwa sehemu kubwa. Sababu unaijua tayari, gunia la barua halihitaji kutazama nje. Kule juu mbele kabisa walikaa marubani na mtu wa redio, nyuma yao karani na makaratasi yake, na nyuma yao magunia ya posta. Uwezo uliopangwa ni kama tani moja na nusu ya barua, na barua zikizidi viti vya abiria ndo vilipunguzwa, sio magunia.

Chini ukihesabu kutoka puani kuna chumba cha kuvutia sigara cha watu 7, ndio, walivuta sigara ndani ya ndege yenye karibu lita 3,000 za petroli kwenye mabawa juu yao, alafu jiko na vyoo, alafu chumba kidogo cha katikati cha watu 3, alafu kinafuata kile ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, chumba cha matembezi. Viti 8 vilisukumwa upande mmoja, upande wa kushoto ukaachwa wazi kabisa, kuna madirisha na mahali pa kuegemeza viwiko, abiria anasimama pale anaangalia tembo na viboko wa Nile, sababu kwenye vipande vingi hii ndege haikuwa inaruka juu sana. Mwisho kabisa chumba cha nyuma cha watu 6 na mizigo. Jumla 24. Kulikuwa pia na mpango wa kulaza watu 16 vitandani, lakini kwenye njia ya Afrika waliruka mchana na usiku watu wakalala hotelini, kwa hiyo mtu akikuhadithia babu yake alilala kitandani angani juu ya Tanganyika, msikilize kwa heshima tu. Kwenye picha ya upande wa kushoto tafuta sehemu ya madirisha iliyo nyuma ya bawa, hapo ndo chumba cha matembezi.

Kama picha ni ya ndege inatua, angalia ukingo wa nyuma wa bawa. Utaona kipande kimeteleza nyuma na kushuka chini. Hiyo ni flapu ya Gouge, kaibuni mwenyewe, inaongeza eneo la bawa kwa muda ili ndege nzito iweze kutua polepole. Ndege ilikuwa na spidi ya safari ya kama kilomita 265 kwa saa, ya juu karibu 320, na bila hizo flapu ingepiga maji kwa kasi ambayo hakuna mtu angekubali kupanda mara ya pili.

Baada ya hapo tafuta maandishi. Zote zilipewa majina yanayoanza na herufi C, ndo maana wengine wanaziita C-class, na jina liliandikwa puani. Canopus, Centaurus, Castor, Cassiopeia, Corsair, Cambria, Coriolanus, kwa jumla zilijengwa 42 ukiweka na matoleo ya baadaye. Nyuma ubavuni na kwenye mabawa kuna herufi kubwa za usajili zinazoanza na G halafu kistari halafu A. Ukipata hata herufi mbili za mwisho zinatosha kujua ni ipi, sababu orodha za usajili wa ndege za Uingereza ziko wazi. Canopus kwa mfano ni G-ADHL.

Kukadiria mwaka unaangalia rangi. Fedha tupu inayong'aa, ni 1937 mpaka 1939. Ikiwa imepakwa rangi za kujificha, kijani kijani imefifia, na chini ya herufi za usajili kuna mistari ya nyekundu, nyeupe na bluu, hiyo ni wakati wa vita, na kampuni hapo sio Imperial tena, ni BOAC iliyochukua kazi Aprili 1940. Tena njia yenyewe ilibadilika. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 Mediterania ikafungwa, wakageuza njia ikawa kama nusu duara, Durban, Lindi, Dar, Mombasa, Kisumu, Cairo, Karachi, Calcutta, Singapore, mpaka Sydney, Uingereza ikabaki nje kabisa ya mstari. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani wakakata kipande cha mashariki na Empire kadhaa zikaangamia huko, lakini upande wetu ziliendelea kufanya kazi.

Kama pamoja na picha una bahasha, una bahati, bahasha inasema mengi zaidi. Kwanza stempu. Za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa za pamoja. Sura ya mfalme George V inamaanisha kwa kawaida ni kabla ya 1938, George VI ni kuanzia 1938, ukiacha zile za sherehe ya kutawazwa kwake Mei 1937. Pili angalia kama kuna ile lebo ya bluu ya barua za ndege. Kabla ya mpango wa 1937 ulilazimika kulipia ziada ili barua ipande ndege, na lebo ilikuwa na maana. Baada ya hapo barua ya kawaida ya daraja la kwanza ilipanda ndege yenyewe tu, kwa hiyo bahasha ya 1938 kwenda Uingereza isiyo na lebo yoyote usiitupe kwenye fungu la meli, inawezekana kabisa ilisafiri ghorofa ya juu ya Empire. Ule mpango wa bei rahisi ulikufa Septemba 1939 vita ilipoanza, na ziada zikarudi. Ukiwa na mhuri wa kutumwa na wa kupokelewa, hesabu siku katikati: barua ya meli kutoka Mombasa ni suala la wiki, ya Empire ni siku.

Kuna picha moja ya ajabu ambayo inaweza kukuchanganya, ndege hii hii iko kwenye mto mwembamba, miti pande zote, na watu wengi wanabeba mawe na udongo. Hiyo sio Kisumu wala Rufiji. Hiyo ni Corsair, kwenye mto Dungu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 14 Machi 1939 ilikuwa inatoka Port Bell kwenda Juba, chombo cha redio cha kutafutia mwelekeo kikawapotosha, wakajikuta mafuta yanaisha na chini hawaijui, kapteni Alcock akaona kamto kale na akatua. Watu wote walitoka salama, lakini ndege iligonga jiwe na tumbo likachanika. Mafundi wakaletwa, wakaiziba hapo hapo porini, walipojaribu kuiondoa mwezi Julai ikagonga jiwe tena. Wakaanza upya. Safari hii, kwa nguvu za mamia ya vibarua wa Kikongo, walijenga bwawa la kuinua maji ya mto, barabara ikachongwa, makambi yakasimama, na 6 Januari 1940 kapteni Kelly-Rogers akairusha kutoka kwenye yale maji ya bwawa. Karibu miezi kumi kwa ndege moja, na wakati huo vita ishaanza na kila Empire ilikuwa dhahabu. Kwa hiyo ukiona mto, mawe na vibarua, tafuta maelezo ya Faradje, na angalia vizuri nyuso, maana wale waliojenga bwawa hawatajwi majina karibu popote ila picha zao zipo.

Ukiwa unaskani picha yako usiskani mbele tu, geuza na nyuma, mihuri ya studio na maandishi ya penseli ndo yanayokuambia mahali. Skani kwa 600 dpi angalau, picha nyingi ni ndogo na herufi za usajili zinasomeka ukikuza tu. Usiiguse kwa programu za kuipaka rangi kabla hujasoma kila kitu, zinafuta mistari ya chini ya herufi na kubuni madirisha yasiyokuwepo.

Na kama unataka kuona kitu chenyewe kwa macho, hakuna Empire hata moja iliyobaki duniani, Canopus yenyewe ilivunjwa kuwa vyuma chakavu mwaka 1946. Ila walioko London wanaweza kwenda makumbusho ya jeshi la anga pale Hendon, kuna Sunderland nzima na unaruhusiwa kuingia ndani. Mle ndani panda macho uangalie dari ya chini ilipo na ghorofa ya juu inapoanzia, ondoa bunduki na mabomu kichwani, weka viti upande mmoja na magunia ya posta juu, utakuwa umeelewa picha yako kwa vipimo halisi.